Jiko la Wasomaji: Paja Kavu la Nguruwe, Kuanzia Kununua Hadi Mezani

Mwezi huu zimefika barua kadhaa zinazohusu jambo moja, nalo ni paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi na kukaushwa polepole kwa desturi ya majimbo ya Kusini mwa Marekani, yaani Virginia, Kentucky, Tennessee, North Carolina na jirani zao. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa kuwa majibu yote yana chanzo kimoja: nyama hii imepoteza maji mengi na kunywa chumvi nyingi, na mtu akilishika hilo hatapata taabu sana, awe ananunua, anapika au anatengeneza mwenyewe. Wasomaji wasiotumia nguruwe nao wana barua yao, iliyotoka Kondoa.

Swali: Shikamoo mama. Binti yangu anasoma Kentucky na anarudi likizo mwezi wa Desemba. Anasema huko kuna mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa ambayo hayahitaji friji, naye anataka kutuletea moja kwa ajili ya Krismasi. Nimwambie anunue la namna gani, na je, litafika salama? *Mama wa Kisasa, Dodoma*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuzungumzia ladha, tuanze na sheria. Bidhaa za nyama haziingizwi nchini bila kibali cha wizara yenye dhamana ya mifugo, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi zinakotoka. Binti yako asifiche paja ndani ya sanduku la nguo akitumaini kwamba halitaonekana, kwa sababu likikamatwa litateketezwa, na zaidi ya hasara hiyo sheria hii inalinda mabanda ya nguruwe ya jirani zako dhidi ya magonjwa. Ulizieni kibali mapema, angalau miezi miwili kabla ya safari. Kikikosekana, aje mikono mitupu na nyama hiyo muile siku mtakapomtembelea.

Kibali kikipatikana, asome lebo kwa makini. Katika maduka ya Marekani hemu, yaani mapaja ya nguruwe yaliyohifadhiwa, ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile laini, ya rangi ya waridi, ambayo imedungwa maji ya chumvi na kuivishwa kiwandani; ndiyo inayofanana na ile inayouzwa katika maduka makubwa ya kwetu, nayo haiwezi kusafiri bila ubaridi. Ya pili ndiyo anayoizungumzia binti yako. Kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinataka paja la aina hii liwe limepoteza angalau asilimia 18 ya uzito wake wa awali, liwe na chumvi isiyopungua asilimia 4, na kazi yote ya kulitia chumvi na kulikausha iwe imechukua siku zisizopungua 70. Mafundi wazuri huvuka kiwango hicho kwa mbali, na kuna mapaja yanayoning'inizwa kwa mwaka mzima na zaidi.

Kwa familia ambayo haijawahi kuionja, ningemshauri achukue lenye umri wa miezi minne hadi sita, kwa sababu kadiri nyama inavyokaa ndivyo harufu yake inavyozidi kuwa nzito na chumvi inavyozidi kusikika mdomoni. Aulize pia kama limefukizwa moshi au la, maana wapo mafundi wanaofukiza kwa kuni za mti wa hikori na wapo wasiofukiza kabisa. Paja zima lenye mfupa huwa na uzito wa kilo 6 hadi 8, na likiwa halijakatwa, ndani ya mfuko wake wa kitambaa, hukaa hata mwaka likiwa limening'inizwa mahali pakavu penye kivuli. Ikiwa mpo watu wanne tu nyumbani, vipande vilivyofungwa ndani ya plastiki isiyo na hewa vinatosha na havina kazi kubwa, ila vikishafunguliwa ni lazima vikae kwenye friji.

Akiona jina la Smithfield, ajue kwamba halikutolewa ovyo. Smithfield ni mji mdogo wa Virginia, na mwaka 1926 baraza la kutunga sheria la jimbo hilo liliamua kwamba paja liitwalo kwa jina la mji huo liwe limehifadhiwa ndani ya mji wenyewe, tena litoke kwa nguruwe waliolishwa karanga katika ukanda wa karanga wa Virginia au North Carolina. Sharti la karanga liliondolewa mwaka 1966. Katika jumba la makumbusho la wilaya hiyo limehifadhiwa hadi leo paja lililotiwa chumvi mwaka 1902, nalo huoneshwa kwa wageni, ingawa hakuna anayeshauriwa kulionja.

Swali: Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni Mpwapwa. Mgeni mmoja alituachia paja kavu la nguruwe. Tulipofungua mfuko tukakuta ukungu wa kijani na mweupe, tukakata sehemu yenye ukungu na nyingine tukaichemsha kama nyama ya kawaida kwa saa moja. Ilikuwa ngumu na chumvi yake haikuvumilika. Tulikosea wapi, na je, nusu iliyobaki kwenye friji bado inafaa? *Mpishi, Mpwapwa*

Jibu: Ndugu mpishi, nusu iliyobaki inafaa, mradi haina utelezi wala harufu ya kuoza, na hamjaiweka zaidi ya miezi miwili au mitatu. Ukungu wa juu usikutishe. Nyama iliyoning'inizwa kwa miezi mingi huota ukungu kwenye ngozi kama jibini la zamani linavyoota, na dawa yake ni brashi ngumu, maji ya uvuguvugu na siki kidogo. Lisugue paja lote, hasa kwenye mikunjo ya ngozi karibu na kifundo, hadi maji yanayochuruzika yawe safi. Ukikata kila penye ukungu, unatupa nyama nzuri.

Ukishalisafisha, litazame kwenye mwanga. Nyama nzuri ina rangi nyekundu iliyokolea, karibu na kahawia, na mafuta yake huwa na rangi ya manjano hafifu. Mara nyingi utaona vitone vyeupe vigumu vilivyotawanyika katikati ya nyuzi. Hivyo si mayai ya wadudu wala chumvi iliyoganda. Ni chembe za tirosini, ambazo hujitokeza protini inapovunjika polepole kwa muda mrefu, na wajuzi hufurahi wakiziona kwa kuwa ni ushahidi kwamba paja halikuharakishwa. Kinachopaswa kukutia shaka ni harufu ya karibu na mfupa. Chukua kisu chembamba au sindano ndefu ya chuma, ichome hadi iguse mfupa wa nyonga, ichomoe na uinuse papo hapo: ikinuka tamu, au ikanuka kokwa na moshi, endelea; ikinuka uchachu au uozo, usijaribu kuiokoa.

Kosa lenu lilikuwa kuipeleka nyama motoni ikiwa bado na chumvi yake yote. Iloweke kwanza. Tumbukiza nusu hiyo katika ndoo ya maji baridi, iwe imefunikwa kabisa, na ubadilishe maji kila baada ya saa sita au nane kwa muda wa saa 24; kwa paja lenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja, fikisha saa 36. Kwa joto la Mpwapwa ningeiloweka ndani ya friji. Maji ya mwanzo yatakuwa ya chumvi kali na yenye rangi, ya mwisho yatakuwa yamepoa ladha, na nyama yenyewe itakuwa imerudishiwa sehemu ya unyevu iliyoupoteza.

Halafu usiitokose. Iweke katika sufuria kubwa yenye maji mapya, ngozi ikitazama juu, upashe moto hadi maji yaanze kutikisika kidogo pembeni bila kububujika, kisha upunguze moto na kuyaweka katika hali hiyo. Maji yakichemka kwa nguvu, nyuzi za nyama iliyokwisha kukauka hujikaza zaidi, na huo ndio ugumu mlioupata. Kadiria dakika 45 hadi 55 kwa kila kilo, na kama una kipimajoto, lenga nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya nyama, mbali na mfupa. Wapo wanaotia kwenye maji hayo kikombe cha siki, sukari ya kahawia au maji ya matunda. Mimi hupenda kutia kikombe cha mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma na majani ya bay (bay leaves).

Ikiiva, iache ipoe ndani ya maji yake kwa saa moja, uitoe, uivue ngozi wakati ingali ya moto, na ubakishe mafuta ya unene wa nusu sentimita. Yachore mafuta hayo kwa kisu mistari ya kukatana, uchomeke karafuu kwenye makutano, upake sukari ya kahawia iliyochanganywa na haradali, kisha uiingize kwenye oveni yenye nyuzi 200 kwa dakika 15 au 20 hadi sukari iwe na rangi ya dhahabu. Wakati wa kuipakua, ikate vipande vyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kisu kupitia nyama. Nasisitiza hili kwa sababu hoteli nyingi hukata vipande vinene ili mgeni aone ameheshimiwa, na kwa nyama hii kipande kinene ni adhabu. Gramu 60 kwa mtu mmoja zinatosha kabisa, pamoja na ugali wa uwele au mikate midogo ya soda.

Kama utataka kukaanga vipande vibichi kwa kifungua kinywa, viloweke nusu saa kwenye maji au maziwa, vikaange kwa moto wa wastani dakika mbili kila upande, uvitoe, kisha umimine nusu kikombe cha kahawa nyeusi isiyo na sukari katika kikaangio kilekile na ukwangue vilivyogandia chini. Mchuzi huo mwembamba, mweusi katikati na wenye macho ya mafuta mekundu juu yake, watu wa Kusini huumimina juu ya uji mzito wa mahindi. Kwa kahawa ya Mbinga au ya Kilimanjaro unapendeza sana.

Swali: Nafuga nguruwe Kongwa na ninalima karanga na alizeti. Hewa yetu ni kavu sana kuanzia Mei hadi Novemba. Je, siwezi kukausha mapaja mwenyewe nikayauza Dodoma mjini kuliko kuuza nyama mbichi kwa wenye vibanda vya kitimoto? *Mfugaji, Kongwa*

Jibu: Kaka yangu, wazo lako ni zuri, nami natamani siku moja tule paja la Kongwa. Lakini ukavu wa hewa ni nusu tu ya mahitaji, na nusu nyingine hatuna: baridi. Wakulima wa Virginia walichinja Novemba na Desemba, wakati hewa ya nje ilikuwa ya baridi, kwa sababu chumvi hutembea polepole na huchukua wiki nyingi kufika kwenye mfupa, na katika wiki hizo baridi ndiyo inayozuia nyama isioze kuanzia ndani. Kwetu, hata usiku wa Julai, hewa haishuki chini ya nyuzi 10 kwa kawaida. Ukiliweka paja la kilo 10 kwenye chumvi na kuliacha stoo, nje litaonekana zuri na kavu, na ndani karibu na mfupa litakuwa limeharibika, tena bakteria wanaoweza kuota humo wanaua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni lazima ifanyike ndani ya friji yenye nyuzi 2 hadi 4, na umeme wenu uwe na msaada wa jenereta au sola. Nyama iingie humo siku ileile ya kuchinja, ikiwa imekaguliwa na kugongwa muhuri. Kipimo cha zamani cha Kusini ni kilo 8 za chumvi na kilo 2 za sukari kwa kila kilo 100 za nyama, yaani gramu 80 na gramu 20 kwa kila kilo, pamoja na pilipili manga ukipenda. Tumia chumvi ya chengachenga za kati, iwe ya Uvinza au ya pwani, isiwe magadi. Wengi huongeza shura (nitrati ya potasiamu) kidogo ili nyama ibaki nyekundu na kuzuia bakteria. Kiasi chake ni kidogo mno, na ikizidi ni sumu, kwa hiyo kama huna mizani ya kupima gramu na muuzaji unayemwamini, iache. Mafundi wa Parma, Italia, hutumia chumvi ya bahari peke yake.

Gawanya mchanganyiko mara mbili. Nusu ya kwanza isugue siku ya kwanza, ukiishindilia kwa kidole gumba ndani ya tundu la mfupa pale paja lilipokatwa, maana hapo ndipo uozo huanzia. Nusu ya pili isugue baada ya wiki moja. Hesabu siku 3 kwa kila sentimita ya unene wa paja, na hata kama hesabu yako ni fupi, usishuke chini ya siku 45 ndani ya baridi, ukijumlisha muda wa chumvi kujisawazisha baada ya kulisuuza.

Baada ya hapo ndipo hewa ya Kongwa inapoanza kukusaidia, na ndipo pia inapoweza kukuharibia. Ukavu ukizidi, tabaka la juu hukauka haraka na kuwa gamba gumu linalofungia maji ndani. Paja linahitaji chumba chenye unyevu wa asilimia 60 hadi 65, chenye giza na joto lisilopandapanda, na katika hili sijaona kilicho bora kwetu kuliko nyumba ya tembe. Kuta nene za udongo na paa la udongo ambavyo Wagogo wamejengea kwa vizazi hufanya mchana na usiku vikaribiane ndani, na ndoo ya maji sakafuni husaidia unyevu. Sehemu ya nyama isiyo na ngozi ipake mafuta ya nguruwe yaliyokandwa na unga na pilipili manga, kisha livalishe paja mfuko wa kitambaa cha amerikani uliofungwa sawasawa juu. Yupo nzi mdogo mweusi anayependa hasa nyama ya namna hii, na mabuu yake huruka kabisa ukiyagusa. Akipata mwanya mmoja wa mshono, kazi ya miezi imepotea. Ukifukiza moshi, tumia mwembe au mpera. Usitumie mkaratusi, wala mwarobaini, na kwa hali yoyote usitumie mnyaa wa uzio, kwa kuwa utomvu wake ni sumu.

Pima uzito kila mwezi. Paja lililoanza na kilo 10 halijawa tayari mpaka lifike kilo 8.2 au chini yake. Anza Mei au Juni, ili kazi ya kukausha ikamilike kabla ya mvua za Desemba.

Kuhusu karanga, najua Kongwa ina historia yake. Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga hapo mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, lakini mkulima mdogo wa Dodoma hakuacha kuzilima. Nguruwe wa Virginia waliachiwa mashamba ya karanga baada ya mavuno, na nyama yao ikasifiwa kwa utamu. Fahamu hata hivyo kwamba karanga, na vilevile mashudu ya alizeti yenye mafuta mengi, hulainisha mafuta ya nguruwe hadi yakawa ya kuteleza na kuchuruzika kwenye joto. Walishe utakavyo wakiwa wadogo, ila katika wiki 6 au 8 za mwisho rudi kwenye mtama, mahindi na pumba. Na kabla ya kuuza hata kilo moja, mwone afisa mifugo wa wilaya na watu wa viwango, kwa kuwa chakula cha kuuzwa kina masharti yake na wateja wako wanastahili ulinzi huo.

Swali: Sisi ni Waislamu na hatuli nguruwe. Je, njia hii inafaa kwa paja la kondoo au mbuzi? *Msomaji, Kondoa*

Jibu: Inafaa, na si jambo geni: watu wa Norway wamekausha mapaja ya kondoo kwa chumvi tangu zamani na wanaendelea hadi leo. Kwa kuwa paja la kondoo wetu lina kilo 2 au 3 tu, muda wa chumvi ndani ya friji unapungua hadi wiki mbili hivi. Chagua kondoo aliyenona, maana paja la mbuzi mkavu hukauka hadi likawa kama ubao. Masharti ya baridi, nzi na kuloweka hayabadiliki hata kidogo.

Swali: Nimesikia kwamba chumvi na moshi huua tegu na magonjwa yote ya nguruwe, kwa hiyo nyama iliyokaushwa inaweza kuliwa mbichi. Je, ni kweli? Na mabaki naweza kuwapa nguruwe wangu? *Msomaji, Manyoni*

Jibu: Kwa nyama ya kiwanda cha Marekani yenye lebo inayosema iko tayari kuliwa, ni sawa, kwa kuwa utaratibu wake umepimwa. Kwa nyama uliyoitengeneza nyumbani, hapana. Tegu la nguruwe bado ni tatizo katika maeneo mengi ya nchi yetu ambako nguruwe huzurura na vyoo ni vichache. Vifuko vyake huonekana ndani ya nyama kama malengelenge meupe yenye milimita 5 hadi 10. Nyama yenye hivyo haitiwi chumvi, inatupwa chini ya usimamizi wa mkaguzi. Hata ile inayoonekana safi ningeigandisha kwanza kwenye friza yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, au baridi zaidi, kwa siku 14, na ikishakauka ningeipika hadi nyuzi 71.

Mabaki usiwape nguruwe. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, havimdhuru binadamu, lakini huua karibu banda zima na vinaweza kuishi kwa miezi mingi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa bila kupikwa. Marekani haijawahi kuwa na ugonjwa huo, ila paja lililotengenezwa hapa nchini linaweza kuwa limetoka kwa mnyama aliyeugua. Vipande vibichi na ngozi vifukie chini sana. Maji ya kulowekea nayo yamwage mbali na banda, kwa sababu nguruwe hudhurika upesi kwa chumvi nyingi. Mfupa uliopikwa ubakishe kwa ajili yako mwenyewe: utie kwenye kunde zilizolowekwa usiku, bila kuongeza chumvi yoyote, uzipike hadi zilainike, na sukuma wiki uitie dakika kumi kabla ya kuipua.